Mwiko wa bukari ni mmoja: kununua kompyuta ya kurusha ndege kwa pesa kidogo

Jumamosi moja asubuhi kijana wa jirani yangu hapa Kampemba, Lubumbashi, alinigongea mlango akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Muuzaji mmoja wa mjini alikuwa amemwandikia vifaa vya kompyuta: ubao mama wa Kichina wenye prosesa ya Xeon E5-2670 v3, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 32, kadi ya grafiki RX 6500 XT, diski ya kuzunguka ya GB 500, na alimantasio (boksi linaloipa kompyuta umeme) iliyoandikwa "700W" kwa herufi nyekundu. Jumla ilikaribia dola 500, yaani pesa yote aliyokuwa ameweka kwa kufundisha watoto wa mtaa hesabu.

"Yaya, ona," akasema, kama tunavyowaita wakubwa wetu, "iko na kori kumi na mbili. Itabeba kila kitu."

Kori ni vitengo vya hesabu ndani ya prosesa. Alichotaka ni kurusha ndege. Si gemu la kufyatuliana risasi, bali simuleta: aondoke uwanja wa ndege wa Luano na Cessna ndogo, afuate barabara ya Likasi kutoka juu, atue Kolwezi kabla jua halijazama.

Nilimwambia aketi kwanza. Muuzaji hakuwa mwizi. Mashine ile ingemfaa mtu anayehariri video au anayefungua programu ishirini kwa wakati mmoja. Kwa ndege, karibu kila mstari wa karatasi ile ulikuwa umekosea, na ni makosa ninayoyaona kila mara mtu anapochagua kompyuta kwa kutafuta namba iliyo kubwa kuliko zote.

Mama akisonga bukari, yaani ugali, unaweza kumpa wasaidizi kumi. Huyu achote maji, yule achekeche unga, mwingine apepee makaa. Bukari haitakuwa tayari mara kumi upesi, kwa sababu mwiko ni mmoja na mkono unaousukuma ni mmoja.

Simuleta ya ndege inapikwa vivyo hivyo. Kabla picha moja haijatokea kwenye skrini, prosesa inapiga hesabu: hewa inasukuma bawa kiasi gani, injini inatoa nguvu gani, upepo unatoka upande upi, saa za mbele ya rubani zionyeshe nini, ndege nyingine ziko wapi. Simuleta ya X-Plane, kwa mfano, inalikata bawa vipande vidogovidogo na kutafuta nguvu ya hewa kwenye kila kipande, tena na tena ndani ya kila sekunde. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inategemeana. Huwezi kujua ndege imefika wapi kabla hujajua nguvu zilizoisukuma, wala huwezi kuchora kilima kabla hujajua rubani anakitazama kutoka wapi. Basi hesabu hizo zinapanga mstari mmoja, ambao waandishi wa programu wanauita uzi mkuu, na uzi mkuu unafanya kazi kwenye kori moja. Kori nyingine zinapewa kazi za pembeni, kama kupakia ardhi iliyo mbele. Zinachekecha unga.

Ukitaka picha 30 kwa sekunde, anayeshika mwiko ana milisekunde 33 za kumaliza kila moja. Ukitaka 60, anabaki na chini ya 17. Kwa ndege, 30 zinatosha kabisa. Cessna haigeuki ghafla kama mtu anayekimbia na bunduki. Kinachoudhi ni mkwamo, pale picha moja inapochelewa na ndege kuruka hatua mbele wakati unajaribu kuinyoosha na njia ya kutua.

Sasa itazame tena Xeon ile. Ni ya mwaka 2014. Kori 12, ndiyo, lakini zinaanzia kasi ya gigahezi 2.3, na hata moja ikijikaza yenyewe haivuki 3.1. Prosesa ya Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 ina kori 6 tu, inafika gigahezi 4.4, na kwa kila pigo la saa inamaliza kazi nyingi kuliko ile ya zamani. Hapa mwenye wasaidizi 5 na mkono mwepesi anamshinda mwenye wasaidizi 11 na mkono mzito, tena kwa mbali.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: unga uko umbali gani na mwiko. Ndani ya prosesa kuna ghala dogo linaloitwa kashe. Hesabu ikikuta kitu chake mle, inaendelea bila kusimama. Isipokikuta, inabidi itumwe mpaka kwenye RAM, ambako kwa kipimo cha prosesa ni kama kumtuma mtoto sokoni sufuria ikiwa tayari motoni. Simuleta zinapenda kashe kubwa kuliko gemu nyingi zinavyoipenda. Ryzen 5 5600 ina MB 32 za kashe ya ngazi ya tatu. Ndugu zake wawili wa bei ya chini, 5500 na 5600G, wana MB 16 tu, na majina yanafanana kiasi kwamba nimeona mtu akilipia moja akabeba nyingine. Kwa upande wa juu kuna 5700X3D yenye MB 96, nayo inakaa kwenye soketi ileile ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kumshauri mwenye pesa kidogo aanzie AM4: anaingia na 5600 leo, na siku akipata 5700X3D ya okazio (iliyotumika) anaibadilisha bila kununua ubao mama mwingine. Ila aulize jambo moja kabla ya kulipa. Mbao mama za aina ya B450 zilitoka kabla ya prosesa hizi, kwa hiyo BIOS yao (programu ya kuwashia mashine) inatakiwa iwe imesasishwa, la sivyo utabonyeza kitufe, feni zitazunguka, na skrini itabaki nyeusi.

Lakini hata prosesa si mahali pa kuanzia. Swali la kwanza nililomuuliza kijana lilikuwa: unataka kurusha simuleta ipi?

Akajibu kama wanavyojibu wote, ile ya Microsoft, kwa sababu ndiyo yenye video nzuri. Nikamuuliza mega zake za intaneti zinadumu siku ngapi. Akacheka.

Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 inaomba GB 150 za nafasi kwenye diski, na inaendelea kuvuta picha za ardhi kutoka intaneti unaporuka. Ile ya 2024 inaomba GB 50 tu, na watu wengi wakiona hivyo wanadhani imekuwa nyepesi. Imepungua kwa sababu sehemu kubwa ya dunia na ndege zake imebaki kwenye seva huko nje, na unaletewa kwa intaneti wakati unacheza. Kiwango chao cha chini ni megabiti 10 kwa sekunde. Piga hesabu: laini hiyo ikijaa kwa saa moja, umemaliza GB 4.5. Kwa kawaida haijai muda wote, lakini kwa mtu anayenunua mega za siku, kila safari ya Kolwezi inakuwa na nauli yake, na laini ikikatika ardhi inageuka uji.

X-Plane 12 ni habari nyingine. Unaisakinisha mara moja, kisha ardhi inakaa kwenye diski, haivutwi kwa intaneti unaporuka. Na kisakinishi chake kina ramani ya dunia iliyogawanywa miraba ya nyuzi (digrii) 10 kwa 10, unachagua miraba unayoitaka tu. Mraba wetu ni ule unaoanzia nyuzi 10 kusini hadi 20, na nyuzi 20 mashariki hadi 30. Ndani ya mraba huo mmoja kuna Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Ndola, Lusaka, mpaka maporomoko ya Victoria. Ongeza mraba wa juu yake umepata Kamina, Kalemie, Mbuji-Mayi, Bukavu na Goma. Kwa miraba miwili kijana wa Lubumbashi ana safari za miaka. Tulikwenda kupakua usiku kwa rafiki yangu mwenye laini nzuri ofisini, tukarudi na faili zote kwenye diski ya nje.

Asiye na pesa ya kununua simuleta yenyewe ana FlightGear, inayotolewa bure tangu miaka ya 1990. Sura yake si ya kupendeza sana, lakini hesabu zake za hewa si mchezo wa watoto, na inafanya kazi kwenye mashine ambazo nyingine zingezikataa mlangoni.

Ukishajua simuleta, kadi ya grafiki inakuwa rahisi kuchagua. Kazi yake ni kupaka rangi kile ambacho uzi mkuu umekwisha kukipanga: mawingu, vivuli, maji, pikseli (nukta ya picha) moja baada ya nyingine. Kwa hiyo kinachoamua ukubwa wake ni skrini. Nyumbani kwa kijana kulikuwa na televisheni ya inchi 32 ya pikseli 1366 kwa 768, yaani karibu milioni moja. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina kama milioni mbili. Televisheni ile, ambayo alikuwa anaionea aibu, ilikuwa inampunguzia kadi nusu ya mzigo, na pesa ya skrini mpya ikabaki mfukoni.

RX 6500 XT ya kwenye karatasi ilikuwa na ugonjwa uliojificha. Ifikirie kama yadi ya malori upande wetu wa mpaka wa Kasumbalesa. Yadi ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. Ikiwa na nafasi, malori yaliyokwisha kuvuka yanapakuliwa bila shida. Ikijaa, mengine yanasubiri ng'ambo kwenye RAM, na kila linalohitajika lazima livuke mpaka kwanza. Kadi hii ina yadi ndogo ya GB 4, na juu ya hapo ina njia 4 tu za kuvukia, wakati kadi za kawaida zina 8 au 16. Kwenye ubao mpya wa PCIe 4.0 (ndilo jina la njia hizo na toleo lake) zinakimbia vya kutosha. Kwenye ubao wa Xeon ya 2014, ambao ni PCIe 3.0, kasi inashuka nusu. Na simuleta inajaza yadi upesi, kwa sababu ardhi haiishi: umemaliza mji mmoja, mwingine unakuja.

Ndiyo maana kwenye pesa ndogo naangalia GB 8 za kadi kwanza, umri baadaye. RX 580 ya mwaka 2017 ni mzee, inakula wati 185, na haipati tena draiva (programu ya kuiendesha) mpya kama zamani, lakini ile yenye GB 8 inapatikana kwa bei ya chini na kwa X-Plane kwenye skrini ya kawaida haikuangushi. RX 6600 ni bora zaidi kwa kila hali na inatumia wati 132. Ukiipata ya okazio bila kuvunja bajeti, ichukue.

Okazio ina mambo yake. Duka la kwanza tuliloingia lilikuwa na RX 580 tatu mezani, zimefutwa vumbi zikang'aa. Mimi hutembea na fleshi yenye programu ya bure iitwayo GPU-Z. Tukaomba ichomekwe kwenye kompyuta ya duka, nikaifungua, nikashusha kidole mpaka kwenye mstari wa "Shaders", unaohesabu vitengo vya hesabu vya kadi. RX 580 halali inaonyesha 2304. Ile ilionyesha 2048. Kuna toleo lililotengenezwa kwa soko la China, jina kubwa kwenye stika ni lilelile, lakini ndani kuna kile ambacho kwingine kinauzwa kama RX 570. Si kadi mbovu. Bei ndiyo iliyokuwa ya nyingine. Mwenye duka hakujua, au alisema hakujua. "Patron, punguza basi," kijana akamwambia. Hakupunguza, tukatoka. Programu hiyohiyo inazitambua pia kadi za zamani za Nvidia zilizobadilishwa BIOS ili zijiite GTX za karibuni, na ikizigundua inaandika waziwazi kuwa ni za bandia. Muuzaji asiyekubali kadi iwashwe kabla hujalipa, muage kwa heshima uende zako.

RAM haina maneno mengi. GB 16 zinatosha kwa X-Plane, GB 32 za kwenye karatasi zingekaa bure. Nunua vijiti viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha 16, maana viwili vinasafirisha kwa njia mbili. Diski iwe SSD, ile isiyozunguka; ya aina ya SATA inatosha, tofauti yake na NVMe ya kasi zaidi utaiona wakati wa kufungua simuleta, siyo angani. Diski ya kuzunguka inaleta mikwamo kila ardhi mpya inapopakiwa.

Sasa umeme. Hapa ndipo ushauri wa video za Ulaya unapotuacha. Wao alimantasio wanaitaja mwisho, kwa sentensi mbili. Hapa kwetu, ambako jioni taa zinafifia, kisha zinarudi kwa kishindo usiku watu wakiwa wamezima vyombo vyao, mimi naitoa pesa yake kwanza kabla ya kugusa hata prosesa. "700W" ya herufi nyekundu ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi la viatu, na hiyo peke yake ni habari. Geuza ubavuni usome jedwali: kinachobeba prosesa na kadi ni laini ya volti 12. Zidisha ampea zake kwa 12. Ile ilikuwa na ampea 22, yaani wati 264, na zilizobaki kufikia 700 sijui zilikuwa zinakaa wapi. Mashine yenye Ryzen 5 5600 na RX 580 inaweza kufika wati 300 mzigo ukiwa mkubwa. Alimantasio ya kweli ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus (ya kutopoteza umeme mwingi) inatosha, na uchague inayopokea volti 100 hadi 240 yenyewe bila swichi. Mimi niliwahi kuchomeka kompyuta iliyotoka Marekani bila kutazama kijiswichi chekundu cha nyuma, kilikuwa kimewekwa 115. Ilipiga pah! mara moja, na harufu ilikaa chumbani mpaka kesho yake.

Halafu UPS, ile tunayoiita onduleri, betri inayoshika mashine umeme ukikatika. Watu wanaona VA 650 wanasoma wati 650. Siyo. UPS ya VA 650 kwa kawaida haifiki wati 400, na ukiielemeza inazima palepale umeme unapokatika, yaani dakika uliyoinunulia. Tafuta VA 1000 au 1200 yenye kurekebisha volti, kwa sababu jioni zetu kinachoumiza zaidi ni volti kushuka na kupanda. Haitakupa saa nzima ya kuruka. Itakupa dakika za kusimamisha ndege na kuzima mashine vizuri.

Na pesa ya jostiki isiguswe. Mtu ananunua kadi ya daraja la juu halafu anarusha ndege kwa vitufe vya kibodi, kama kununua suti ukavaa na ndala. Jostiki ya kawaida ambayo mpini wake unajipinda kushoto na kulia, ule mpindo unafanya kazi ya pedali za usukani wa mkia, na kigingi kidogo pembeni kinashika kasi ya injini, inabadilisha mchezo kuliko mawingu mazuri. Ukiwa na kamera ya wavuti, programu ya bure ya opentrack inafuata kichwa chako, ukigeuka kidogo rubani naye anageuka.

Kwa mwenye nusu ya pesa ya kijana, njia ninayoijua ni kompyuta za ofisi za okazio: OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, zinazokuja kwa makontena. Tafuta yenye prosesa ya i5-8500 au ya baada yake, kwa sababu Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 2025 na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Chukua boksi refu, usichukue lile jembamba la kulala mezani, maana humo kadi ya kawaida haiingii. Na alimantasio zake ni za kampuni yenyewe, ndogo na zenye plagi zisizobadilishika, kwa hiyo inafaa kadi inayokula umeme wa sloti (tundu la kadi kwenye ubao) peke yake, kama zile GTX 1650 za wati 75 zisizo na waya wa ziada. Ina GB 4 tu, kwa hiyo ubora wa picha za ardhi ushushwe. Itaruka.

Tulimaliza manunuzi kwa wiki tatu. Ryzen 5 5600 na ubao wa B450, vijiti viwili, SSD ya GB 500, RX 580 ya shaders 2304 kamili tuliyoipata kwa fundi mmoja wa komini ya Kenya hapahapa mjini, alimantasio, UPS, jostiki iliyotumika. Boksi la nje ni la kompyuta ya zamani ya mjomba wake, na tuliziba matundu ya mbele kwa kitambaa chepesi, maana vumbi jekundu la kiangazi halina adabu.

Jioni ya kwanza tuliwasha takwimu za X-Plane zinazoonyesha muda wa prosesa na wa kadi kwa kila picha. Prosesa ilikuwa milisekunde 21, kadi 14. Aliposhusha mawingu, 21 haikutikisika. Alipopunguza vitu vya ardhini, nyumba na miti, ikashuka hadi 17. Akanitazama. "Mwiko," akasema.

Akajipanga Luano. Njia ya kurukia ina zaidi ya kilomita 3, lakini uwanja uko karibu mita 1,300 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo Cessna ilijikokota mpaka akavuta kidogo kile kitufe chekundu cha kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko, injini ikapata sauti. Akapanda, akageuza kushoto. Alikuwa anatafuta kilima cheusi cha kampuni ya madini ya Gécamines na bomba lake la moshi wakati umeme wa mtaa ulipokatika.

UPS ikaanza kulia. Mashine ikaendelea kunguruma, taa yake ya buluu ikiwaka gizani. Televisheni ilikuwa nyeusi: tulikuwa tumeichomeka ukutani, siyo kwenye UPS. Kijana alikuwa ameshika jostiki kwa mikono miwili, spika za kichwani masikioni, akiisikia injini.

"Yaya," akanong'ona, "mabawa yako sawa?"